Ugomvi wa warushaji

Huku Los Angeles tu wazima. Baridi ya huku si ya kutisha, ni kama Lushoto mwezi wa saba, koti jepesi linatosha.

Juzi nilikuwa naongea na baba mdogo kwenye simu, nikamsimulia karibu nusu saa nzima habari za warushaji wa Dodgers: nani kaumia, nani kauzwa, nani kashushwa daraja. Akanisikiliza kwa upole wake ule, halafu akauliza, "Kwa hiyo Simba ndiyo umeiacha?" Baba mdogo, Simba sijaiacha! Mechi ya watani ikichezwa jioni huko, huku kwetu ni asubuhi, natoka kazini naiangalia kwanza ndipo nalala. Lakini nimekaa na hawa watu miaka tisa sasa, na ukikaa na watu lazima ufike mahali ujue wanagombania nini. Kazini kwetu hatugombanii siasa wala dini, kila mtu anaogopa kibarua kuota nyasi. Tunagombania warushaji. Kwa hiyo leo naandika ili siku nyingine mkinisikia nimepandisha sauti kwa ajili ya kiwiko cha Mjapani nisiyewahi hata kupeana naye mkono, mjue napandishia nini.

Kwanza mchezo wenyewe kwa kifupi, msikimbie. Mnakumbuka rede? Mmoja kasimama katikati, wawili wanamrushia mpira, naye anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Hata jina hili la Dodgers maana yake ni wakwepaji. Timu ilizaliwa Brooklyn, New York, na watu wa huko walisifika kwa kukwepa tramu barabarani, jina likawaganda, timu ilipohamia Los Angeles mwaka 1958 ikaja nalo. Sasa besiboli ni rede iliyogeuzwa. Anayerushiwa ana gongo, hakwepi, anautaka mpira ili aupige upotelee mbali. Mrushaji anasimama mita 18 na kidogo kutoka kwake na anaurusha kwa kasi ya kilometa 150 kwa saa, wengine 160. Timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka, wapigaji 3 wakitolewa mnabadilishana. Mzunguko huo hapa nitauita zamu. Mechi ina zamu 9. Mkilingana pointi mnaendelea na zamu ya 10, ya 11, mpaka mmoja ashinde. Hakuna sare, hakuna penalti. Hilo la kuendelea lishikeni, nitalirudia.

Na mechi ni 162 kwa msimu, karibu kila siku ya Mungu kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu mpaka mwishoni mwa wa tisa.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kipa wetu akidaka Jumamosi, Jumatano anadaka tena na Jumapili anadaka tena. Mrushaji hawezi. Anayeanza mechi akirusha mipira 90 au 100 anapumzika siku 4, siku 5, wengine zaidi, ndipo arudi. Kwa hiyo unahitaji watu 5 au 6 wa kuanza, na nyuma yao kundi la wamaliziaji wanaoingia zamu moja moja. Hao wanakaa kwenye kiboma kidogo pembeni ya uwanja kinachoitwa bulipeni, maana yake zizi la mafahali, na kweli ukiwaona walivyokaa wanatafuna mbegu za alizeti wanafanana na ng'ombe wanaosubiri josho. Kikosi kizima ni watu 26, na sheria ya tangu mwaka 2022 inasema warushaji wasizidi 13. Ohtani peke yake hahesabiwi humo kwa sababu anarusha na kupiga, sheria imemtengenezea kundi lake. Kumi na tatu unaona ni wengi. Hawatoshi! Mwaka 2025 Dodgers walitumia zaidi ya 30.

Maana mkono unakatika, wandugu. Hiyo ndiyo habari yenyewe yote. Blake Snell walimsajili kwa dola milioni 182 za miaka 5, akaumia bega mwezi wa nne, hakuonekana mpaka wa nane. Tyler Glasnow, bega. Roki Sasaki, kijana mdogo kutoka Japani, bega, mwezi wa tano mpaka wa tisa. Ohtani mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Septemba 2023, akarudi kurusha Juni 2025. Aliyesimama msimu mzima bila kuugua ni mmoja, Yoshinobu Yamamoto, kimo cha mtu wa kawaida kabisa, ukikutana naye Kariakoo hutageuka kumtazama.

Basi kazini kwetu, saa za mapumziko, meza ya karibu na mashine ya kahawa, kuna kambi tatu. (Kwa wasiojua, mimi ni mtu wa stoo ya vyakula, zamu ya usiku, saa nne mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndiyo, maboksi. Chekeni mkimaliza tuendelee.) Kambi ya kwanza ni ya mama mmoja wa Kifilipino anayeshika hesabu za stoo. Yeye anajua namba za kila mrushaji kuliko za simu ya mumewe, na sera yake ni moja: nunua wamaliziaji kabla dirisha la kubadilishana halijafungwa. Dirisha la 2025 lilipofungwa Dodgers walimleta Brock Stewart, akaumia bega baada ya siku chache, wakati wapinzani wetu San Diego walijipatia Mason Miller anayerusha kilometa 165. Yule mama alikasirika wiki nzima, akawa anasoma makaratasi ya mizigo kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Kambi ya pili ni ya kijana mmoja wa El Salvador. Anasema kununua ni upotevu. Tazama Tanner Scott, walimpa dola milioni 72 za miaka 4 aje kumalizia mechi, na msimu huo mara 10 akaingia timu inaongoza akauachia uongozi. Kijana anasema chukua vijana wa daraja la chini, wale wa Oklahoma City, wana njaa.

Kambi ya tatu ina mtu mmoja, mzee wa Kimeksiko anayeendesha foklifti, naye nitamrudia kwa kirefu. Mimi sina kambi. Nilipoanza nilikuwa nasikiliza tu kama mtoto kwenye baraza la wakubwa, ila taratibu nikajikuta namuunga mkono yule kijana, na sababu haikuwa besiboli.

Ngoja niwaeleze utaratibu wa kupanda na kushuka maana huku kwetu Bongo hatuna kitu kama hicho. Timu kubwa ina timu ndogo za kwake, ngazi kwa ngazi. Ya juu kabisa ya Dodgers iko Oklahoma City, zaidi ya kilometa 1,800 kutoka hapa. Mrushaji kijana anaweza kupandishwa leo, arushe usiku zamu mbili kwa sababu wenzake wamechoka, kesho asubuhi akaambiwa panda ndege rudi Oklahoma. Si kwamba amerusha vibaya! Amerusha vizuri, lakini mkono wake sasa unataka siku mbili za kupumzika, na timu inataka mkono mbichi leo. Kwa hiyo anashushwa yeye anapandishwa mwingine. Sheria inaruhusu kufanyiwa hivyo mara 5 kwa msimu. Akiwa juu mshahara wa chini kabisa kwa mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000, ambazo ni kama dola 4,000 kwa kila siku ya msimu. Akiwa chini mshahara unashuka mbali sana na huo. Tofauti hiyo anaibeba kwenye begi kila anapokwenda uwanja wa ndege.

Sasa mnajua miaka yangu miwili ya mwanzo huku nilikuwaje. Nilikuwa mtu wa kuitwa. Simu inalia saa mbili usiku: fulani anaumwa, unaweza kuja? Unakwenda. Unafanya kazi nzuri, wanakusifu, halafu fulani anapona. Siku nyingine simu hailii wiki nzima na kodi ya nyumba haijui habari hizo. Mama alikuwa akiniuliza kwa simu, "Kazi umepata au hujapata?" nami sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimeipata na sijaipata. Kwa hiyo wakianza kutaja majina ya wale vijana wa kupanda na kushuka, wenzangu wanasikia namba, mimi nasikia simu inalia.

Ndiyo maana usiku wa Oktoba 27, 2025 hautanitoka.

Ilikuwa fainali ya ubingwa, Dodgers na Toronto Blue Jays, mchezo wa tatu kati ya saba, hapa hapa Los Angeles. Ulianza saa kumi na moja jioni yetu. Huko kwenu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne. Nilipofika kazini saa nne kasoro wako zamu ya 13, pointi 5 kwa 5. Msimamizi wetu, ambaye kwa kawaida hata redio hataki, aliweka simu yake juu ya mzani na kuongeza sauti. Clayton Kershaw, mzee wa miaka 37 aliyekuwa ameshatangaza kustaafu, alikuwa ameingia zamu ya 12 vituo vyote vimejaa wapinzani, akamtoa mmoja aliyebaki, akakaa. Mmoja mmoja zizi likawa linakwisha. Zamu ya 15 akaingia Will Klein.

Nani? Hata mama wa Kifilipino ilibidi afikirie. Klein ni kijana aliyepitia timu nne ndani ya mwaka mmoja: Kansas City wakamtoa kwenda kwa Athletics Julai 2024, hao wakamtoa kwenda Seattle, Seattle wakamtoa kwenda Dodgers mwezi wa sita 2025. Hapa napo amepanda na kushuka zaidi ya mara moja. Kwenye orodha ya fainali alikuwa mtu wa mwisho mwisho, amewekwa pale ili nafasi isikae wazi. Katika ligi kuu alikuwa hajawahi kurusha zaidi ya mipira 36 kwenye mechi moja. Usiku ule alirusha 72. Zamu nne nzima, ya 15 mpaka ya 18, na Toronto hawakupata hata pointi moja. Zamu ya 18 jasho linamtiririka, pale zizini anayejipasha moto ni Yamamoto, ambaye siku mbili nyuma yake alikuwa amerusha mechi nzima peke yake, mipira 105! Maana yake hakuna mwingine. Watu 13, na wamekwisha.

Klein akamaliza zamu yake. Akaja Freddie Freeman akapiga homurani, yaani mpira unaovuka ukuta na kuhesabika moja kwa moja, 6 kwa 5, mchezo kwisha. Saa 6 na dakika 39. Nyie mlikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi mnakunywa chai ya pili. Stoo nzima ilipiga kelele, na nawaambieni, kijana wa El Salvador alinikumbatia mpaka miguu ikatoka chini. Alikuwa anapiga kelele "Oklahoma! Oklahoma!" kama vile ni mtaa wake.

Baadaye chumbani kwa wachezaji, Sandy Koufax alikwenda kumpa Klein mkono. Koufax wakati huo alikuwa na miaka themanini na kitu, wengi wanasema ndiye mrushaji bora kuliko wote waliowahi kuivalia Dodgers. Mwaka 1966 alishinda mechi 27, halafu akastaafu akiwa na miaka 30 tu. Kiwiko. Daktari wa Dodgers, Frank Jobe, alikuja kupata dawa mwaka 1974: alitoa kano kutoka mkono mmoja wa mrushaji aitwaye Tommy John akaipandikiza kwenye kiwiko cha mkono wa kurushia, na yule bwana akarudi uwanjani mwaka 1976 akarusha miaka mingi sana. Mpaka leo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa, siyo la daktari. Koufax alitangulia miaka minane tu.

Nilisema nitamrudia mzee wa foklifti. Yeye shule yake ni Fernando Valenzuela. Uwanja wa Dodgers ulifunguliwa mwaka 1962 mahali ambapo familia za Kimeksiko zilikuwa zimehamishwa, wengine kwa kubebwa juu juu, na wazee wengi wa Kimeksiko waliapa kutokanyaga pale. Halafu mwaka 1981 akatokea kijana wa miaka 20, mnene mnene, kutoka kijiji cha Sonora, anatazama mbinguni kabla ya kurusha, na hakuna anayeweza kumpiga. Mji mzima wa Wameksiko ukahamia uwanjani. Katika fainali ya mwaka ule, dhidi ya New York Yankees, Fernando alikuwa na usiku mbaya, wanampiga, anatoa nafasi za bure, na kocha hakumtoa. Alirusha mipira 147. Alishinda 5 kwa 4.

Ungedhani mzee anausimulia usiku ule kwa kujisifu. Zamani ndivyo alivyokuwa, mwenyewe anasema. Siku hizi anausimulia kwa kuhesabu. Mia moja arobaini na saba, miaka 20, na baada ya hapo mwaka hata mwaka wakaendelea kumtumia vile vile mpaka 1988 bega likakataa. Mwaka 1990 akawafanyia jambo la ajabu la mwisho, mechi nzima mpinzani hakupata hata pigo moja safi. Machi 1991, siku chache msimu haujaanza, wakamwacha. Ana miaka 30. Jezi yake namba 34 walikuja kuitundika rasmi mwaka 2023, na Oktoba 22, 2024 akafariki. Mzee alivaa utepe mweusi kwenye kofia ya kazini msimu mzima uliofuata.

Kwa hiyo kambi yake ni hii: warushaji wawe wengi, hata wabovu, ili asiwepo mmoja wa kubebeshwa wote. Mama wa namba anamcheka, anamwambia kikosi cha wabovu wengi kinapoteza. Mzee anajibu, "Kipoteze." Sijawahi kumsikia shabiki mwingine wa mchezo wowote akisema neno hilo.

Na hapo kuna mtoto. Mwanawe wa mwisho ni mrushaji, timu ya shule. Siku za wiki shule, mwisho wa wiki timu ya kulipia, na kocha wa tatu wa kumfundisha kuongeza kasi, maana wanaotafuta vipaji wanakuja na mashine ya kupima kasi na asiyefika namba fulani hawamwandiki hata jina. Akiwa na miaka 16 kiwiko kikapasuka kano. Machi 2025 akafanyiwa upasuaji ule ule wa Tommy John. Mzee alikuwa akihesabu mipira ya mechi za shule, na mwisho wa wiki yule mwingine alikuwa akihesabu yake, na hakuna aliyezijumlisha. Bili sitazitaja hapa, mama atashindwa kulala.

Jumamosi ya Novemba 1 mzee alinialika kwake kuangalia mchezo wa saba, wa mwisho. Kule Toronto. Mkewe alikuwa amepika tamale, ni unga wa mahindi umefungwa kwenye maganda ya mahindi na nyama ndani, wale mnaopenda mkate wa kumimina na vitu vya mvuke mngevipenda. Kijana alikuwa kwenye kochi, kovu lake refu ndani ya kiwiko linaonekana.

Usiku wa kabla yake, mchezo wa sita, Yamamoto alikuwa ameanza na kurusha mipira 96. Wakashinda, ndiyo maana kulikuwa na wa saba. Sasa mchezo wa saba kocha Dave Roberts alimwaga kila alichonacho. Alianza Ohtani, akapigwa homurani ya pointi 3. Wakaingia Wrobleski, Glasnow, Sheehan, Snell, wengi wao si wamaliziaji wa zizini kwa kazi yao ya kawaida. Zamu ya 9 Miguel Rojas, mtu wa miaka 36 ambaye watu walikuwa wanauliza kwa nini yuko kikosini, akapiga homurani, 4 kwa 4. Toronto wakaja kupiga, wakapata watu wawili vituoni, mmoja tu katolewa. Mlango wa zizi ukafunguliwa. Yamamoto.

Chumba kizima kilishangilia isipokuwa mzee. Alisimama akasema kwa Kihispania, polepole, "Hapana. Jana. Huyu alirusha jana." Mkewe akamwambia akae, watu hawaoni. Akasema, "Tisini na sita. Jana." Na mimi, nawaambia ukweli wangu, nilimtaka Yamamoto. Nilimtaka kwa moyo wote. Niliona mzee anasema la haki na nikaomba asisikilizwe.

Kijana ndiye aliyemjibu baba yake. Hakugeuka, macho kwenye televisheni. "Papá, wamemuuliza. Kasema anaweza."

Mzee akamtazama mwanawe muda mrefu, muda ambao Yamamoto alimgonga mtu kwa mpira vituo vikajaa, na Rojas akaokota akarusha nyumbani mtu akatolewa kwa unyayo, na Andy Pages akadaka mpira huku anamkanyaga mwenzake. Mzee hakuviona hivyo vyote. Akasema, "Wewe pia ulisema unaweza."

Zamu ya 11 Will Smith akapiga homurani, 5 kwa 4, na Yamamoto akamaliza mwenyewe kwa kuwatoa wawili kwa mpira mmoja. Mipira 34 juu ya ile 96. Mechi 3 za fainali moja ameshinda yeye, jambo ambalo halikuonekana tangu Randy Johnson mwaka 2001. Fataki zilipigwa mtaani mpaka saa nane usiku. Mzee alishangilia, jamani, msidhani alinuna, alilia kabisa na kumbusu kila mtu na mimi nikiwemo. Lakini Jumatatu kazini mama wa namba alipoanza, "Unaona? Unaona sasa?" mzee alimwambia kushinda hakukumjibu swali lake, akawasha foklifti akaondoka.

Ugomvi haujaisha wala hautaisha. Desemba 2025 Dodgers walimsajili Edwin Díaz, mmaliziaji hodari kabisa, dola milioni 69 za miaka 3, na mama wa Kifilipino alileta keki. Kijana wa El Salvador aliila keki na kusema pesa hizo zingelisha Oklahoma nzima. Mimi nasimama hapa: usiku ule Roberts alifanya sawa, kwa sababu Yamamoto ni mtu mzima, ana mkataba wa miaka 12 wa dola milioni 325 na madaktari kumi nyuma yake, akisema anaweza ana haki ya kusadikiwa. Mtoto wa miaka 16 hana haki hiyo. Mzee anaona sikugawa sawasawa, anasema mkono haujui umri wala mkataba. Tumeshalijadili mara tatu, mara moja kwa mbao tulizokuwa tumebeba.

Halafu, wajomba zangu wa Dar, msiseme mchezo huu ni wa Wazungu na Wajapani tu. Pale Azania Sekondari kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, nendeni siku moja muone. Na Waganda wametutangulia: mwaka 2022 Dodgers hawa hawa walisajili vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma, kwa ajili ya timu zao za chini. Mzee nilipomwambia aliuliza kwanza wana miaka mingapi, halafu akauliza nani anahesabu.

Kijana wake ameruhusiwa kurusha tena, taratibu, mita chache. Jumapili mchana nikiwa sina kazi huwa wananiita niwe mdakaji, kwenye kichochoro nyuma ya nyumba yao, nimekalia ndoo. Mzee anasimama pembeni na punje za mahindi mfukoni. Kila mpira ukirushwa anahamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Daktari alisema 25. Jumapili iliyopita punje zilipokwisha kijana alibaki na mpira mkononi, akasema mkono hauumi hata kidogo, mmoja tu wa mwisho. Mzee alimpangusia jasho la paji la uso kwa kofia yake, akanyoosha mkono, akausubiri ule mpira. Ilichukua muda, lakini kijana alimpa.

Haya, niwaache, nina zamu saa nne. Baba mdogo, mechi ya watani ikikaribia nipigie mapema ili nibadilishane na mtu. Nisalimieni bibi, mwambieni viatu vimetumwa.